Vichwa Vidogo vya Dizeli na Reli Tatu za Dar es Salaam

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita, Ilala, kwenye mkutano wetu wa wapenda treni ndogo, yaani modeli za treni za kuweka mezani. Mvua iliwazuia wengi, nao wameniomba niiandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu wa reli mlioketi mstari wa mbele, shikamooni. Kina mama, kaka na dada, na ninyi wadogo zangu mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo?

Nianze na swali. Ni mji gani ambako mtu akitoka nyumbani asubuhi anaweza kugusa reli za vipimo 3 tofauti kabla ya adhuhuri? Upo. Mmekaa ndani yake.

Nenda Stesheni. Pale kuna reli ya Mjerumani, yaani Reli ya Kati, ya mwaka 1905, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni mita 1 kamili, yaani milimita 1,000. Kisha panda daladala uende TAZARA. Pale kuna reli tuliyojengewa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, na upana wake ni milimita 1,067. Halafu inua macho. Reli ya SGR, ile mpya ya kisasa, inapita juu ya nguzo, upana wake milimita 1,435, na tangu mwaka 2024 inatupeleka Morogoro na Dodoma kwa umeme.

Kwa umeme, ndugu zangu. Siyo kwa dizeli. Ndiyo maana leo nimeomba nizungumzie vichwa vya treni vya dizeli tu. Mimi ninafurahi SGR imekuja, na nimeipanda mara 4. Lakini kichwa cha dizeli ndicho kilichovuta maisha ya watu wa umri wangu. Kilituleta mjini, kilitupeleka shule za bweni, kilileta mahindi na ng'ombe, kilirudisha maiti zetu nyumbani. Vichwa vile vinachoka. Vingine vimeshakatwa kuwa chuma chakavu. Nani atakayeonyesha wajukuu vilifananaje? Sisi, wenye vichwa vya kulala kiganjani.

Jambo langu la kwanza: pima kwanza.

Nawasimulia nilivyoanza. Nilikuwa bado nafundisha fizikia sekondari. Siku moja nikapita Karume, kwenye mitumba. Kijana mmoja alikuwa amemwaga gunia la midoli chini, juu ya turubai: wanasesere wasio na nywele, magari yasiyo na magurudumu. Katikati yake nikaona kitu cheusi, kirefu kidogo kuliko kidole changu cha kati. Nikakiokota. Kizito! Mdoli wa plastiki hauna uzito ule. Nikakigeuza. Magurudumu 12 ya chuma, madogo kama punje za dengu, na katikati giya. Kilikuwa kichwa cha dizeli cha Kimarekani. Kijana akaniambia, "Mwalimu, elfu tatu tu." Sikumwomba apunguze.

Nilipofika nyumbani nilifanya nini? Nilichukua rula ya darasani nikapima nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Karibu milimita 9. Reli ya Marekani ni 1,435, sawa na SGR yetu. Gawanya 1,435 kwa 9: unapata 159 na kidogo. Basi nikajua kwamba nimeshika kitu kilichopunguzwa mara 160. Sikuwa na kitabu wala mtu wa kumwuliza. Rula ndiyo iliyoniambia.

Ile skeli, yaani kipimo cha kupunguza, ya 1:160 duniani wanaiita N. Iko nyingine, HO, ya 1:87, ambayo ndiyo yenye watu wengi zaidi. Reli yake ina upana wa milimita 16.5. Iko TT ya 1:120. Iko Z ya 1:220, iliyotolewa na kiwanda cha Märklin cha Ujerumani mwaka 1972, ambayo reli yake ni milimita 6.5 tu. Kichwa cha mita 18 kikiwa cha HO kina sentimita 20 na zaidi, kikiwa cha N kina sentimita 11, kikiwa cha Z kina sentimita 8.

Wadogo zangu, msinunue kabla ya kupima. Nimeona kijana akiuza simu yake anunue kichwa cha HO, na reli alizokuwa nazo ni za N. Kilikaa kabatini mwaka mzima kama bwana harusi asiye na bibi harusi. Chagua skeli moja, ushikamane nayo miaka miwili mitatu. Na sisi wa nyumba za kupanga, wa chumba na sebule, N ndiyo inayotufaa. Mlango mmoja uliolazwa juu ya meza unatosha reli ya kuzunguka.

Sasa nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tuchukue skeli ile ile ya 1:160, tupunguze reli zetu 3 za Dar es Salaam. SGR: 1,435 gawanya kwa 160 ni 8.97. Reli ya N ni 9. Imekaa sawasawa. Reli ya Kati: 1,000 gawanya kwa 160 ni 6.25. TAZARA: 1,067 gawanya kwa 160 ni 6.67. Na reli ya Z, ile inayouzwa tayari dukani, ni ngapi? Ni 6.5. Iko katikati ya hizo mbili! Ina maana unaweza kuweka Dar es Salaam nzima, reli zote 3, juu ya meza moja kwa skeli moja, ukitumia aina 2 tu za reli za kununua. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza ilikuwa usiku wa manane, nikamwamsha mama watoto nimwambie. Aliniuliza kama kuna mgonjwa.

Tofauti ya Reli ya Kati na TAZARA ni milimita 67. Haifiki upana wa kiganja. Lakini kwa milimita hizo 67 behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya, na pale Kidatu reli hizo mbili zinapokutana mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kwenye meza yetu tofauti hiyo ni chini ya nusu milimita, haionekani kwa macho. Mimi Kidatu yangu nimeijenga hata hivyo, na winchi yake, kwa sababu mtoto akiuliza "kwa nini hapa wanashusha?" nimeshapata somo la nusu saa.

Kwa anayeipenda TAZARA peke yake iko njia nyingine. 1,067 gawanya kwa 120 ni 8.9. Kwa hiyo kwa skeli ya 1:120 TAZARA inakaa vizuri juu ya reli ya milimita 9. New Zealand wana reli ya upana huo huo wa 1,067, na wenzetu wa huko wamejenga treni zao kwa hesabu hiyo hiyo kwa miaka mingi. Kichwa kinakuwa kikubwa kidogo, na macho ya wazee yanashukuru.

Pima kwanza. Nikiwaambia mara ya tatu msinichoke: pima kwanza.

Jambo la pili: ujue ukoo.

Malalamiko ninayoyasikia kila tukikutana ni haya: "Mwalimu, vichwa vyetu havitengenezwi. Vya Wamarekani vipo, vya Wajerumani vipo, vya Wajapani vipo. Vya kwetu havipo." Ni kweli. Sijawahi kuona kiwanda kikubwa kikitoa kichwa cha Reli ya Kati. Lakini je, vichwa vyetu vilianguka kutoka mbinguni? Havina baba? Havina shangazi?

Mwaka jana kijana mmoja wa Tabata alituletea kichwa kidogo cha Alco, kampuni ya Schenectady, New York. Alikileta kwa unyonge. Akasema, "Ndicho nilichopata, najua hakituhusu." Mzee mmoja, fundi mstaafu wa karakana, ambaye leo ametuheshimu kwa kuja, akakichukua, akakishika kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, injini ya huyu nimeilisha miaka 20."

Kijana hakuelewa. Mzee akaeleza. Vichwa vya aina ya 88 vya Reli ya Kati vilitoka Montreal, Kanada, kwa kiwanda cha MLW, na MLW walijenga kwa michoro ya Alco. Vichwa vya aina ya 73 vilitoka India, Varanasi, na Wahindi nao walichukua michoro kwa Alco. Injini ya Alco 251 ndiyo iliyonguruma ndani ya hao wote. Alco yenyewe ilifunga milango mwaka 1969, mzazi akafa, watoto wakaendelea kuzaliwa Kanada na India, na wengine wakaja kuvuta mabehewa yetu Pugu na Kilosa. Sasa kijana akinunua Alco wa New York amenunua nani? Amenunua shangazi wa 88. Mnakumbuka jinsi sura yake ilivyobadilika? Alikuja na kitu kisichomhusu, akaondoka na ndugu.

Ukoo mwingine ni wa English Electric wa Uingereza. Walianza kuwaletea East African Railways, shirika la reli la Afrika Mashariki, vichwa vya dizeli mwaka 1960, vile tulivyokuja kuviita 87. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1960 hadi 1965, kampuni hiyo iliwajengea Waingereza vichwa 309 vinavyojulikana huko kama Class 37. Modeli za Class 37 ziko tele, za watengenezaji Bachmann na Graham Farish. Ukimwona 37 umemwona binamu wa 87. Uso si ule ule, sauti ndiyo ile ile.

Na TAZARA je? Vichwa vya kwanza vilitoka Qingdao, China, vya aina ya DFH. Baadaye, miaka ya 1980, vikaja vya U30C, vya muundo wa General Electric wa Marekani, vilivyoundwa Ujerumani. Hapa nikumbushe kitu cha darasani, kwa sababu mtoto mmoja aliniuliza swali lililonifanya nifundishe upya.

Nilikuwa nimealikwa shule ya msingi, Vingunguti. Nikaweka reli juu ya dawati, nikawasha. Binti wa darasa la 4 akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema ni dizeli. Mbona hakina moshi?" Darasa likacheka. Nikawaambia msicheke, ameuliza swali la injinia. Nikamjibu hivi. Kichwa cha kweli cha aina ya U30C, injini yake ya dizeli haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizo chini, kando ya ekseli, na mota ndizo zinazovuta treni. Ni gari la umeme linalobeba mtambo wake wa kufua umeme. Kichwa hiki kidogo tumeondoa mtambo tu, tumeuacha ukutani, kwenye soketi ya umeme. Mota imebaki.

Akauliza tena: "Na vichwa vyote viko hivyo?" Hapana. DFH za Wachina hazikuwa na jenereta. Nguvu ya injini ilipita kwenye mafuta yanayosukumwa kwa kasi ndani ya kisanduku cha giya mpaka kwenye magurudumu. Kwa macho ya abiria ni dizeli zote mbili. Kwa fundi ni wanyama wawili tofauti. Binti yule sasa yuko kidato cha 2, na amekaa hapa, safu ya tatu. Simtaji, nisimtie haya.

Kwa hiyo nikisema kusanya, simaanishi ujaze kabati. Nina vichwa 14, na mwenzangu mmoja wa Kinondoni ana zaidi ya 60. Nikimwuliza mwenzangu kuhusu kimoja, ananiambia bei. Mimi nataka aniambie kilikuwa kinavuta nini. Kama hujui kilivuta nini, kwa mlima gani, nani aliwahi kukipanda, basi umeweka kitu cha mwenzio.

La tatu ni matunzo ya pwani, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimelia.

Vitabu vya treni ndogo vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia weka kichwa ndani ya boksi lake, kwenye sponji yake, funga. Nilifuata. Vichwa 3 nikaviweka kwenye sponji, nikafunga kwenye sanduku la bati, juu ya kabati. Masika moja, kiangazi kimoja, masika ya pili. Nilipofungua, sponji ilikuwa imeyeyuka. Imekuwa kama ulimbo. Imeshikana na rangi, na nilipoivuta ikaja na rangi, ikaja na herufi, ikaja na vishikio vya ngazi vilivyo vyembamba kama uzi. Kimoja kati ya hivyo 3 kilikuwa kile cha Karume. Nilikaa chini sakafuni. Wanangu walidhani nimepokea simu ya msiba.

Jamani, joto la Dar na unyevu wa Dar vinaila sponji. Ondoeni sponji leo, mkifika nyumbani, kabla hamjala. Mimi sasa navifunga kwa kitambaa cha pamba, kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, isiyo na wanga. Ndani ya boksi natia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Waombeni wauza viatu wa Kariakoo, wanavitupa. Na kila mwezi nafungua navipa hewa.

Upepo wa bahari nao. Reli za chuma cha kawaida zinashika kutu haraka, hasa kwa wenzetu wa Kigamboni na Msasani. Tafuteni za nikeli-silva. Jina lisiwadanganye, hamna fedha ndani, ni shaba, nikeli na zinki. Zifute kwa pamba na spiriti. Msitumie msasa. Msasa unaacha mikwaruzo, mikwaruzo inakamata uchafu, na wiki ya pili kichwa kinasitasita zaidi ya mwanzo.

Mkinunua kikuukuu, sikilizeni. Kichwa kikienda kwa mlio wa tak, tak, tak, kikirukaruka kila gurudumu linapozunguka, usikate tamaa na usimlaumu aliyekuuzia. Mara nyingi ni giya ya plastiki kwenye ekseli imepasuka ufa mmoja mwembamba. Plastiki inakauka na kubana, ekseli ya chuma haibani, ufa unatokea. Giya mpya ni kitu cha bei ndogo. Lakini ukiona fremu ya chuma imevimba, ina nyufa kama tope lililokauka, hapo rudisha. Hiyo ni zinki iliyochanganyika na risasi kiwandani. Inaoza kutoka ndani, na unyevu unaiharakisha. Haina dawa.

Umeme? Treni hizi ndogo zinataka volti 12, mkondo wa moja kwa moja, na kimoja cha N kwa kawaida hakimalizi hata nusu ya ampea. Betri ya bodaboda ni volti 12. Mnaelewa ninachosema? Siku umeme umekatika mtaa mzima, kwangu treni inatembea, na watoto wa jirani wote wako barazani. Weka fyuzi tu, nawasihi, betri ile ikipata shoti inachoma nyumba. Mifumo ya kidijitali ipo, yenye sauti na taa, ni mizuri, na kichwa kimoja cha namna hiyo hufika mamia ya dola. Tutaizungumzia siku nyingine.

Sasa nimefika kwa lile lililonileta.

Vichwa vyetu vyenyewe, 87 na 88 na DFH, hatutaletewa. Tutavijenga sisi. Na mtu akitaka kujenga anahitaji vipimo, na vipimo wengi wetu hatuna. Mimi nilivipata wapi?

Marehemu baba yangu alikuwa msaidizi wa dereva, Reli ya Kati. Tulilelewa kota za Gerezani. Alituachia vitu vichache, na kimojawapo ni picha moja nyeusi na nyeupe, aliyopigwa Morogoro, amesimama bega kwa bega na kichwa cha dizeli, kofia mkononi. Picha ile ilikaa ukutani miaka 30, naiona kila siku, siioni. Usiku mmoja nikaitazama kama mwalimu wa fizikia. Baba urefu wake naujua. Umeandikwa kwenye kadi yake ya kazi: sentimita 168. Nikachukua rula. Kwenye picha baba ana milimita 42. 1,680 gawanya kwa 42 ni 40. Picha ile, pale aliposimama, ni skeli ya 1:40! Nikapima kichwa, kutoka juu ya reli hadi paa: milimita 92. Zidisha kwa 40: mita 3 na sentimita 68. Nikapima mlango. Nikapima dirisha la dereva. Nikapima ngazi, hatua kwa hatua. Baba alinipa vipimo vyote akiwa amesimama kimya.

Nikakata bodi kwa plastiki nyembamba nyeupe ya mabango, ile ya mafundi wa matangazo wa Kariakoo, wanauza vipande kwa bei ya chai. Chini nikatia mota na magurudumu ya kichwa cha Kijapani kilichokwisha ganda. Miezi 7. Na mwisho nikakata sanamu ya baba mwenyewe, kwa kipimo cha 1:160. Ni milimita 10 na nusu. Kofia ilinishinda, nikamwachia kichwa wazi.

Nikampelekea yule mzee fundi, huyu huyu wa mstari wa mbele. Nikasubiri anisifu. Akakigeuza, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akaniambia, "Kizuri. Lakini hiki hakijawahi kufika Kigoma."

Nikamwuliza kwa nini.

"Kisafi mno."

Akanifundisha. Masizi hayakai kila mahali. Yanaanzia bomba la moshi yakirudi nyuma juu ya paa. Mafuta yanachuruzika chini ya milango ya injini, na vumbi linayafuata. Vumbi la Dodoma ni jekundu, linapanda kutoka kwenye bogi, yaani fremu ya magurudumu, linafika usawa wa goti la mtu, haliendi juu zaidi ya hapo isipokuwa treni imekutana na nyingine. Mbele, kwenye kioo, dereva anafuta nusu mduara tu. Nikachukua masizi ya chungu jikoni, nikachukua vumbi nililolichekecha kwa kitambaa cha kanga, nikaweka kwa brashi ya wanja ya binti yangu. Kazi ya jioni moja, kumbe ndiyo iliyokuwa imebaki katika miezi 7 yote.

Ujuzi ule haukuandikwa mahali popote, ndugu zangu. Uko kwa wazee hawa. Mzee anajua vumbi lilifika wapi. Mzee anajua taa ipi ilikuwa haiwaki. Mzee anajua sauti ya 88 ikipanda kutoka Kilosa. Tumewauliza? Nani kati yetu ameenda na daftari?

Na picha ziko kwenu. Ziko kwenye maboksi ya viatu, chini ya vitanda, Buguruni, Tabata, Mabibo. Shangazi amepigwa picha Stesheni akienda Tabora kwenye harusi, na nyuma yake kuna kichwa nusu. Nusu inatosha! Mwaka 2012, treni ya abiria wa mjini, ile tuliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilipoanza kati ya Ubungo na Stesheni, watu wengi walipiga picha na simu zao. Simu zile ziko wapi? Naomba kila mmoja akija mkutano ujao aje na picha moja ya kichwa cha dizeli ambayo ndani yake yumo mtu wa familia yake, na urefu wa mtu huyo umeandikwa nyuma. Hesabu za vipimo tutazipiga hapa hapa, mezani, pamoja. Na mkitaka kupiga picha mpya stesheni au karakana, ombeni ruhusa kwanza, mpewe kwa heshima.

Nimewachosha, na wadogo zangu wananiangalia mimi jicho moja, meza jicho lingine.

Basi tuanze. Betri imejaa. Reli imefutwa. Nyuma kuna mabehewa 6, na kichwa ni kile cha baba. Naomba feni izimwe kwa dakika chache, mabehewa ni mepesi. Mzee wangu, wewe ulisema hiki kichwa hakijafika Kigoma. Sogea hapa karibu, shika nobu. Taratibu, ukianza tu, pana kona.